Deki Mbili Nyuma ya Shuka

Mtaani walimwita Sikio, na jina hilo hakupewa bure. Karibu maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi mitambo wa studio, na wapo waliomwona akisimamisha bendi nzima katikati ya wimbo kwa sababu waya mmoja wa gitaa ulikuwa umelegea kidogo tu. Alipostaafu yeye, sikio halikustaafu. Mtu akitaka kununua spika, anampigia simu. Mtu akiwa na redio inayokoroma, anaibeba kwapani mpaka sebuleni kwa mzee, na mzee anafumba macho, anasikiliza, kisha anatoa hukumu. Hukumu zenyewe hazikuwa na huruma. "Hili ni boksi la viatu lililotiwa waya," aliwahi kumwambia jirani aliyejinunulia redio mpya kwa mbwembwe, na jirani yule mpaka leo akimwona anavuka upande wa pili wa barabara.

Basi kwa watu wa nje ulimi wake ulikuwa wembe. Kwa binti yake, ulimi huohuo uligeuka kitu kingine kabisa, na huko ndiko yalikoanzia matatizo.

Binti huyo aliitwa Fundi tangu akiwa na mapengo ya utotoni, maana hakuna kitu cha umeme kilichoingia nyumba ile kikasalimika mikononi mwake. Alifungua feni, alifungua pasi, alifungua saa ya ukutani ya bibi yake na kuirudisha ikiwa inakwenda kinyumenyume. Mama yake akawa Mama Fundi, baba yake akawa Baba Fundi, na jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti. Kila alichokiunda, baba alikisifu. Redio yake ya kwanza, ambayo ilishika kituo kimoja na nusu ya kingine, baba aliiita safi sana. Kengele ya mlango aliyoiunda akiwa sekondari, iliyolia hata paka akipita, baba aliiita kazi ya kitaalamu. Mtoto alifurahi, kama watoto wanavyofurahi. Lakini mtoto hukua, na siku moja akajiuliza: huyu mtu aliyeiita redio ya jirani boksi la viatu, yangu aliipendea nini? Tangu siku hiyo sifa za baba yake zikawa hazimwingii tena. Alizipokea, akashukuru, akaziweka pembeni kama zawadi ya nguo isiyokutosha.

Alipokua akawa fundi wa lifti. Kazi ilikuwa ya kueleweka, ya kushinda ndani ya shimo la ghorofa akiwa amejifunga mkanda, mikono imejaa grisi, huku juu yake mtu mwenye tai anagonga mlango na kuuliza atatoka lini. Jioni na mwisho wa wiki alikuwa na kazi nyingine, ya roho yake. Alikuwa anaunda deki ya CD.

Haikuwa deki ya hivihivi. Ndani yake, pale ambapo sauti inakusanywa kabla ya kutoka kwenda kwenye amplifaya, alikuwa ameweka vali mbili, zile taa nyembamba za kioo zilizokuwa kwenye redio za zamani, zinazochukua muda kidogo kupata moto ndipo ziimbe. Watu wa muziki wanazipenda vali kupita kiasi. Wanasema zinaipa sauti joto. Deki zenye vali madukani bei yake ni ya kushika kichwa, na Fundi alikuwa amekata shauri kwamba atatengeneza moja ambayo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuinunua bila kumficha mkewe. Alitumia mitambo ya deki zilizokufa, boksi la mbao alilolichonga mwenyewe, na dirisha dogo la kioo mbele ili vali zionekane zikiwaka. Ilipokamilika, bei yake ilikuwa ya baiskeli. Deki ya baba yake, ile nzito ya rangi ya fedha aliyozawadiwa na studio siku ya kumuaga, ilikuwa bei ya pikipiki mpya.

Mwenye duka la vyombo vya muziki, ambaye wote walimjua kwa jina la Bei Poa kwa sababu ndivyo alivyomjibu kila aliyeuliza bei ya kitu chochote, aliiangalia deki ya Fundi, akaizungusha, akaipiga konzi ubavuni kama anayechagua tikiti maji.

"Mimi sina neno," alisema. "Lakini mteja wangu haniulizi mimi. Ananiuliza Sikio kasemaje. Mzee wako akisema hii inaishinda ile yake, naiweka meza ya mbele, na wewe hizo lifti zako uziage. Nitakutaka mchana kutwa unaniundia nyingine."

Ukutani nyuma yake palikuwa na bango kubwa lenye picha ya deki ya fedha, ndugu wa ile iliyokuwa nyumbani kwao, na chini yake maneno manene: SIKIO AMESEMA. Fundi alilitazama bango lile kwa muda. Aliona wazi kwamba amepewa njia, na aliona pia nani amekaa katikati ya njia hiyo.

Jioni ileile alimwendea baba yake. Hakuzunguka.

"Baba, nataka uisikilize deki yangu bila kujua ni ipi. Safari hii sitaki kilemba cha ukoka."

"Lini mimi nimekuvisha kilemba cha ukoka?"

Mama yake, aliyekuwa anakunja nguo, alikohoa kidogo, kikohozi ambacho hakikutokana na mafua.

Hivyo ndivyo ilivyopangwa Jumamosi mchana. Mapazia yalifungwa. Deki zote mbili zilipangwa kwenye kabati la muziki pamoja na amplifaya, na mbele ya kabati ikatundikwa shuka kutoka juu mpaka sakafuni. Mama Fundi alipewa kiti nyuma ya shuka. Kazi yake ilikuwa kubadilisha swichi kutoka deki moja kwenda nyingine bila kusema neno, kwa mpangilio wowote anaotaka.

Palikuwa na jambo moja zaidi, na Fundi alimweleza mama yake taratibu, mara mbili. Vali zinasukuma sauti kwa nguvu zaidi. Ukizibadilisha deki bila kugusa kitu kingine, ile ya vali itatoka juu kidogo, na sikio la binadamu lina udhaifu huu, kwamba chenye sauti ya juu kidogo hulipendeza zaidi. Hakisikiki kuwa na kelele zaidi, kinasikika kuwa bora tu. Kila aliyefanya kazi studio analijua hilo. Baba yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wanafunzi wake wiki ya kwanza, na kuwacheka waliponaswa. Kwa hiyo Fundi alibandika vipande viwili vya tepu pembeni ya nobu ya sauti, kile kidude cha duara cha kuzungushia. Tepu ya kijani ilikuwa ya deki ya baba. Tepu nyekundu, chini kidogo, ilikuwa ya deki yake.

"Ukiweka yangu, shusha mpaka kwenye nyekundu. Ukiweka ya baba, pandisha mpaka kwenye kijani. Basi."

"Nimekusikia, mwanangu. Mimi si mtoto."

Fundi akaenda jikoni ili uso wake usimpe mtu jibu. Bei Poa alikaa kwenye kochi, miguu ameitanua, sahani ya karanga mapajani. Sikio akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, katikati kabisa ya spika mbili, akafumba macho.

Diski aliyoichagua, nakala moja ndani ya kila deki, aliirekodi mwenyewe zamani: mpiga gitaa mmoja, mwimbaji mmoja, na kiti cha mbao ambacho kililia kila mpiga gitaa alipoinama. Kile kiti kilimsumbua mno enzi hizo. Alijaribu kukifuta kwenye wimbo akashindwa, na kwa miaka yote iliyofuata akawa anakitumia kupimia mashine za watu. Mashine mbovu inakificha kiti. Mashine nzuri inakuambia kiko upande gani wa chumba.

Wimbo ulianza. Ukakatika, ukaendelea. Ukakatika tena. Sikio alikuwa anaona mambo. Hii ya kwanza aliifahamu, imenyooka, safi, kila kitu mahali pake. Lakini ilipokuja nyingine, mwimbaji alisogea mbele. Pumzi yake ilisikika kabla ya neno. Kiti kililia, na Sikio angeweza kukinyooshea kidole. Mwili ulimsisimka. Akasikiliza mizunguko mingine, na kila mara ikawa hivyohivyo, mpaka akaona aibu jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Inatosha," alisema, akafumbua macho. "Hii ya sasa hivi ina nyama. Ile nyingine ni mifupa mitupu, mizuri, lakini mifupa."

Mama Fundi akavuta shuka. Swichi ilikuwa kwenye deki ya binti yake, na nyuma ya kile kidirisha vali mbili zilikuwa zimeiva rangi ya chungwa.

Sikio alikuwa ameipiga mweleka deki yake mwenyewe kwa mdomo wake mwenyewe, macho yamefumbwa, na safari hii hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anambeba mtoto. Alikwenda jikoni, akamkumbatia Fundi mpaka kijiko kikamwanguka mkononi. "Umenishinda," alimwambia. "Umenishinda kabisa." Fundi alitabasamu. Tabasamu lilichelewa kidogo kufika, lakini lilifika, na mzee katika furaha yake hakuona kuchelewa huko. Bei Poa alikuwa tayari amesimama, anapangusa maganda ya karanga kwenye suruali, anazungumza habari za bango jipya. Akaondoka na Fundi kwenda kumwonyesha meza ya mbele. Jumatatu, Fundi alisema mlangoni, atamuaga bosi wake.

Nyumba ilipotulia, Sikio alitaka kusikiliza tena, safari hii kwa raha zake. Alienda kwenye kabati na kuinama kupandisha sauti. Mkono wake ukasita.

Alama ya nobu ilikuwa kwenye tepu ya kijani. Swichi ilikuwa kwenye deki ya Fundi. Hakuna aliyegusa chochote tangu shuka ivutwe.

Alisimama pale ameinama, mgongo unamuuma, akiitazama ile tepu. Aliyaelewa yote kwa mara moja, na uso ukamshuka. Kile kiti alichokinyooshea kidole, ile pumzi, ile nyama, yote yalikuwa sauti iliyopandishwa kidogo tu. Alikuwa amenaswa na mtego wa wiki ya kwanza, ule aliokuwa akiwategea vijana wa studio na kuwacheka.

"Mama Fundi," aliita.

Mkewe alikuja akijifuta mikono. Aliiona nobu, akamwona mumewe, akakaa kwenye kochi bila kukaribishwa.

"Ulisahau kushusha?"

"Sikusahau."

"Basi ilikuwaje?"

"Sikuishusha." Alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayesema hakuweka sukari. "Nimekaa na wewe tangu tuko vijana, Baba Fundi. Kila siku unakaa kwenye hicho kiti, unakunja uso, unahamisha spika huku, unahamisha kule, unabadilisha waya. Halafu unapandisha sauti kidogo na kusema, sasa imekuwa nzuri. Kila siku. Nikajua nikiiacha juu utaipenda."

"Huo ni udanganyifu."

"Ni udanganyifu, ndiyo. Yule mtoto anashinda ndani ya mashimo ya lifti. Kila akichelewa kutoka nakaa na simu mkononi. Nimepewa kitu kimoja cha kuzungusha kimtoe humo, unataka nifanye nini? Nikizungushe vizuri?"

Sikio alikuwa na hasira, ila akiipapasa ile hasira alikuta haimhusu mkewe sana. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Bei Poa ameshaahidi, binti ameshafurahi, mkewe atalala usingizi. Mtu mmoja tu ndiye angebaki na mwiba, naye alishazoea kuishi na vitu visivyokaa sawa. Lakini kila alipojiambia anyamaze, alimwona Fundi akimwambia bosi wake kwaheri kwa sababu ya neno lililotoka kinywani mwa baba yake, na neno lenyewe halikuwa na kitu ndani. Kilikuwa kilemba cha ukoka kikubwa kuliko vyote alivyowahi kumvisha, na hiki binti angekuja kukijua akiwa hana kazi.

Jumapili Fundi alikuja kama kawaida yake. Baba yake hakumpa nafasi hata ya kuvua viatu.

"Jana haikuwa halali," alisema. "Sauti ya deki yako ilikuwa juu. Nilisifu sauti, sikusifu deki. Usiage kazini kwa maneno yale."

Alimtazama mkewe, akitegemea atajitetea, lakini Mama Fundi alikuwa anautazama uso wa binti yao. Fundi alikaa chini taratibu.

"Najua," alisema.

"Unajua nini?"

"Nilisikia, baba, nikiwa kule jikoni. Mara ya kwanza mama alipobadilisha nilisikia kabisa haijashushwa. Deki hiyo nimeiunda mimi, naijua kama mapigo ya moyo wangu. Nikasema, mara ya pili atakumbuka. Mara ya pili hakukumbuka. Nikafungua bomba la maji nisisikie zaidi." Alikuwa anaongea huku akiangalia mikono yake. "Halafu ukaja ukanikumbatia. Nikajiambia, labda nimekosea. Jana nzima nimejiambia labda nimekosea."

Sikio aliigeuza habari ile kichwani, na kadiri alivyoigeuza ndivyo ilivyomchoma.

"Kwa hiyo aliyekuwa nyuma ya shuka alijua," alisema polepole. "Na aliyekuwa jikoni, mlango umefungwa, maji yanamwagika, naye alijua."

"Bei Poa hakujua," mkewe alisema, kwa kumfariji.

"Bei Poa hasikii kitu ila mlango wa duka ukifunguliwa."

Fundi alicheka, bila kukusudia, na mama yake naye. Sikio hakucheka. Katika nyumba yenye watu watatu, ambaye hakusikia ni yule aliyeitwa Sikio. Aliona haya, haya ya kweli ya mtu mzima, ile inayopanda mpaka kwenye masikio yenyewe. Akajikaza.

"Turudie," alisema. "Leo Fundi akae nyuma pamoja na mama yake, amwangalie mkono."

Shuka ikatundikwa tena. Vali zikapewa muda wa kupata moto. Sikio akakaa, akafumba macho, na wimbo ukaanza, ukakatika, ukaendelea.

Alisubiri mwimbaji asogee mbele. Hakusogea. Alisubiri arudi nyuma, hakurudi. Alimsikiliza mpiga gitaa, kidole kwa kidole. Alikisikiliza kiti. Kiti kililia upande wa kushoto, pale pale kilipokuwa siku ya kurekodi, na swichi ilipobadilishwa kikalia tena, pale pale. Mara moja alidhani amepata. "Hii ni yangu," alisema kwa uhakika, na kutoka nyuma ya shuka akasikia mama na binti wakinong'onezana, na akajua si yake. Akaomba wimbo mwingine. Akaomba wenye ngoma, akaomba wenye tarumbeta. Aliinama mbele, akaegemea nyuma, akaziba sikio moja, kisha la pili. Jasho lilimtoka. Kuna wakati alijikuta hasikilizi muziki kabisa, anasikiliza hofu yake tu.

Mwisho alinyanyua mkono.

Alijua maneno mawili yaliyokuwa mbele yake. Angeweza kusema yake ni bora, na hakuna ambaye angemshangaa, ilikuwa bei ya pikipiki. Angeweza kusema ya Fundi ni bora, na kila mtu angeshangilia. Yote mawili yangemwacha Sikio akiwa Sikio. Neno la tatu ndilo lililokuwa la kweli, na hilo lilikuwa na gharama yake, kwa sababu mtu anayeitwa kuzitofautisha mashine za watu hana kazi siku atakaposema ameshindwa.

"Ni sawa," alisema. "Siwezi kuzitofautisha."

Shuka ilisogea. Fundi alichungulia, macho makavu, makali, macho ya fundi anayesubiri kuambiwa hitilafu iko wapi.

"Sawa kivipi?"

"Sawa. Nimejaribu kila ninachokijua. Ukiniwekea tena nitabahatisha tu."

"Na vali?"

Maisha yake yote Sikio alikuwa amewaambia watu habari za joto la vali, na wapo waliouza vitu vyao vya ndani kulifuata joto hilo.

"Sijui, mwanangu. Labda zinafanya kitu ambacho sikio langu halifiki. Labda zinawaka tu." Alimeza mate. "Ulichofanya ni kwamba umeunda kwa bei ya baiskeli kitu ambacho mimi siwezi kukitofautisha na cha bei ya pikipiki. Hakikishindi, kinalingana nacho. Sina sifa nyingine ya kukupa."

Fundi alitoka nyuma ya shuka. Alikaa kwenye mkono wa kiti cha baba yake, kama alivyokuwa akikaa utotoni na watu wakamkataza kwa sababu ungevunjika.

"Baba, hujawahi kunipa neno lililokugharimu kitu," alisema. "Hili ndilo la kwanza. Hili nalichukua."

Akampiga busu la kichwani, penye upara, na mzee akajifanya anatafuta miwani yake ambayo ilikuwa usoni.

Simu kwa Bei Poa Sikio aliipiga mwenyewe, palepale, kabla ubaridi haujamwingia. Alimweleza yote bila kumtaja mkewe. Mwenye duka akaanza kubembeleza.

"Mzee wangu, hebu tusemezane. 'Sawa' haiuzi. Ukutani nitaandika nini, Sikio amesema sawasawa? Na hizi kubwa nitamuuzia nani, watu wakisikia hii ndogo inalingana nazo? Wewe baki na lile la jana. Lile zuri, lile la nyama."

"La jana lilikuwa la uongo."

"Nani kakuambia nalihitaji kwenye mahakama?"

"Na lile bango langu literemshe."

"Mzee."

"Literemshe, au andika chini yake kwamba Sikio ameshindwa kuitofautisha na ya binti yake. Kimojawapo."

Bei Poa alisema atafikiri. Alisema pia kwamba bei zake ni poa kwa vyovyote, na akakata simu. Wote watatu walijua atafikiri muda mrefu sana.

"Basi kesho nakwenda kazini," Fundi alisema. Alisema bila kununa, lakini alikuwa ameitamani ile meza ya mbele, na kila mtu chumbani alilijua hilo. "Kuna lifti ya hospitali inagoma ghorofa ya nne. Nitaunda nyingine jioni, moja moja. Anayetaka atakuja asikilize mwenyewe, gizani, na ya baba ikiwa pembeni."

Mama Fundi alivuta pumzi ndefu. "Ukifika huko shimoni unipigie."

"Shimoni hakuna mtandao, mama."

"Basi ukitoka."

Mzee alijua alichokuwa amekifanya. Alikuwa amemrudisha mwanawe ndani ya shimo kwa neno moja la kweli, na kama angeulizwa kama amefanya vyema, asingekuwa na haraka ya kujibu. Lilimuuma, na akaliacha limuume. Akainuka, akaenda kwenye kabati, akachomoa nyaya za ile deki ya fedha, akaibeba kwa shida mpaka chumba cha stoo. Aliporudi alijipangusa mikono.

"Kwa nini umeitoa?" mkewe aliuliza. "Si umesema zinalingana?"

"Ndiyo maana. Mpaka waje wa kulinganisha, sina haja ya mbili."

Mapazia yalikuwa bado yamefungwa, na bila shuka vali zile mbili zilitoa mwanga mdogo ulioishia kwenye zulia. Mama Fundi alisema hiyo ndiyo sehemu aliyoipenda yeye tangu mwanzo, na kwamba walipozitundikia shuka hakuna aliyemuuliza. Fundi akaweka diski. Mwimbaji akaanza, gitaa likafuata, kiti kikalia upande wa kushoto.

Wakasikiliza kidogo. Kisha mzee, macho yamefumbwa, akanyoosha kidole kuelekea kwenye kabati.

"Fundi, ongeza kidogo."

Fundi akazungusha nobu, ikaipita tepu nyekundu, ikaipita na ya kijani. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, na akafungua mdomo kusema neno. Akalisikia kabla halijatoka. Akafumbua macho, akamkuta mkewe anamtazama, anasubiri.

"Sema tu," mkewe akamwambia.

"Sasa imekuwa nzuri," alisema Sikio.